Wivu Ulivyonikausha Maziwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi huko nyuma karibu na mlango pia, msije mkatoroka kabla sijamaliza. Mimi ni Mama Wambui. Nachuma kahawa hapa hapa pamoja nanyi, na nyumba yangu iko kule kijijini upande wa Ruiru. Nitasema Kiswahili ili ndugu zetu Wakamba na Wajaluo wa shamba hili wasikie. Kikinipotea njiani, mniokotee.

Nimesimama kusema juu ya wivu. Naona wengine mmeshaangalia chini. Hapa watu husimama wakashuhudia juu ya pombe, na ugoro, na dansi, nasi wanawake tunaitikia kwa nguvu, maana hatunywi. Mimi sikunywa. Sikucheza dansi. Nilibatizwa nikiwa msichana, nikafundisha watoto Jumapili, nikajua kuomba mpaka watu wakawa wanafungua jicho moja kuona kama niko karibu kumaliza. Na ndani ya mtu huyo alikaa wivu mkubwa, ukala nyama yangu, ukanywa maziwa ya mtoto wangu. Sisemi kwa mfano, ndugu zangu. Maziwa yalikauka kweli.

Sikieni ilivyokuwa.

Mume wangu, Ndirangu, alikuwa akipasua mbao huko Thika. Siku moja ya Hali ya Hatari, wakati ule wa Mau Mau, wanaume walizingirwa wakitoka kazini, wakapandishwa lori, wakapelekwa kizuizini, mbali, mahali pa jua na vumbi. Hakuna aliyeniambia kosa lake. Habari niliipata kwa mtu aliyeliona lori likiondoka, Ndirangu ameshika kofia isipeperuke. Mtoto wetu Wambui alikuwa na miezi mitano.

Lori hilo hilo lilimchukua mume wa Nyokabi, mama yake Kamau. Zamani hatukujuana sana na Nyokabi. Lakini tulipoamriwa kubomoa nyumba zetu mashambani na kujenga katika kijiji kipya, chenye mtaro mrefu wa kukizunguka na homgadi langoni, wale walinzi wa Serikali, nyumba yake iliangukia ubavuni mwa yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye na mtoto mchanga, mimi na mtoto mchanga. Yeye bila mume, mimi bila mume. Kama Mungu alitaka kutupima kwenye mizani, basi alituweka sawasawa.

Mnayajua maisha yale. Wengine mlichimba mtaro pamoja nami. Asubuhi filimbi, tunatoka na majembe na sururu, tunachimba mpaka jua lipite kichwani. Halafu saa chache za kukimbia shambani kutafuta viazi, kuni na maji. Halafu kafyu, kila mtu ndani, mlango ufungwe. Na kila siku habari: fulani amefia huko, fulani amehamishwa, fulani amevunjwa mguu. Nyingine za kweli, nyingine za uongo, na zote zinaingia tumboni sawasawa.

Mimi koo lilifunga. Tangu siku ile ya lori chakula kilinishinda. Naweka githeri, mahindi na maharagwe yetu, mdomoni, natafuna, natafuna, mwisho natema. Nikawa naishi kwa chai ya turungi, kavu, bila maziwa wala kitu cha kuuma. Kulala sikulala. Kuoga niliacha, nikajiambia maji ni ya shida. Kitambaa cha kichwa nilifunga kile kile mpaka kikawa na rangi ya udongo.

Na hapa ndipo shetani alipoonyesha akili. Wanawake wakaanza kunisifu! "Mtazameni Mama Wambui alivyokonda. Huyo ndiye mke. Amekataa kushiba mumewe akiwa na njaa." Kwetu mtu aliyefiwa hajipaki mafuta, hunyoa nywele, hujiacha. Sasa sisi wake za wafungwa tukaona ni heshima kufanya vivyo hivyo, ingawa waume zetu walikuwa hai. Nami nikaongeza dini juu yake. Nikatangaza kwamba nimefunga, namwombea Ndirangu arudi. Ndugu zangu, sikuomba sana hivyo. Nilikuwa nikisikiliza sifa. Sifa ndizo nilizokula badala ya chakula, na sifa haziongezi damu.

Lakini Nyokabi! Haiya!

Nyokabi alikula. Nyapara akipuliza filimbi ya mapumziko, sisi tunaketi juu ya udongo tunaugua na kupeana habari mbaya. Yeye anasogea kando, anafungua kibuyu chake cha uji, anakunywa polepole mpaka tone la mwisho. Kisha, mbele ya macho yetu, anajilaza kwenye kivuli cha mtaro, anajifunika leso usoni, analala! Mwanamke ambaye mumewe yuko kizuizini! Jioni anaoga kwa karai dogo la maji. Namsikia upande wa pili wa ukuta akijisugua visigino kwa jiwe. Visigino, jamani! Nani wa kutazama visigino vyake? Akimaliza anajipaka mafuta kidogo mikononi, anamrusha Kamau juu, na wanacheka wote wawili.

Nilimchukia. Wacha niseme wazi. Niliionea wivu shingo yake, kwa sababu ilikuwa na nyama na yangu ilibaki mishipa. Niliuonea wivu usingizi wake. Niliyahesabu mafunda yake ya uji; kibuyu kikipanda mdomoni naona kama ananinyang'anya mimi. Na maziwa yake, Ngai! Kamau akinyonya anashiba mpaka anaachilia, maziwa yanamtoka kando ya mdomo yanamwagika shingoni bure. Wambui wangu anavuta, anavuta, ananiangalia usoni kama anayeuliza kitu, kisha analia.

Tena nilikuwa na mama mkwe. Naye anaitwa Wambui, maana msichana wa kwanza tunampa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo mama huyu akimtaja mtoto husema "mimi." "Umenipa mimi maziwa?" "Mbona mimi ninalia hivi?" Ndivyo wazee wetu walivyo. Siku moja akaniambia, "Mimi ninakonda. Mwangalie Kamau wa jirani mapaja yalivyofanya mikunjo. Mama yake anakula. Kula na wewe, unipe mimi nikue." Eee, kunitajia Nyokabi ndani ya nyumba yangu! Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu ni mama mkwe. Moyoni nilipasuka.

Basi nikafanya jambo ambalo mtu wa dunia hawezi kulifanya. Linataka mtu wa kanisa. Nilikuwa na swali langu: Nyokabi anapata wapi nguvu? Unga wetu ni mmoja. Shamba ni mbali kwake kama kwangu. Nikajijibu mwenyewe kwamba lazima kuna homgadi anayempelekea chakula, na mwanamke hapelekewi chakula na homgadi hivi hivi tu. Sikuona kitu. Sikusikia kitu. Lakini Alhamisi, kwenye ushirika wa akina mama, tulipoulizwa nani ana haja ya maombi, nilisimama, nikalegeza sauti, nikasema: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu Mama Kamau. Majaribu ni mengi siku hizi kule langoni. Mungu amlinde." Nikaketi. Sikusema zaidi, wala hapakuwa na haja.

Langoni ndiko walikokaa homgadi. Wanawake waliinamisha vichwa wakamwombea, na kesho yake kabla jembe la kwanza halijagusa udongo kijiji kizima kilijua. Wakaacha kuketi naye. Akifika mtoni wanahama na mitungi yao. Mmoja alitema mate. Nyokabi hakujua neno limetoka wapi, na akaendelea kunisalimu mimi kila asubuhi, "Umeamkaje, Mama Wambui?" Nami naitikia, tena kwa tabasamu!

Mtadhani nilipata raha. Nilipata raha siku mbili. Siku ya tatu nikamwona amekaa peke yake mwisho wa mtaro, hakuna mtu karibu, anafungua kibuyu, anakunywa mpaka tone la mwisho, anajifunika leso, analala. Hata aibu haikumkosesha uji! Wivu ukaniwaka upya, mara hii mpaka nikasikia maumivu chini ya mbavu.

Ndugu zangu, baada ya hapo maziwa yangu yalikauka. Hayakupungua, yalikauka. Wambui anavuta, hakuna kitu. Ngozi ya mikono yake ikalegea, macho yakawa makubwa, kilio kikapungua. Nyinyi wenye watoto mnajua, kilio kikipungua ni vibaya kuliko kikizidi. Mimi mwenyewe nikisimama naona giza. Siku moja mtaroni niliinua sururu, nikaanguka nayo. Wakanibeba nyumbani, wakanilaza.

Nilipozinduka jua lilikuwa bado juu. Mtoto hakuwa kando yangu. Nilijikokota mpaka mlangoni. Hapo nje, mbele ya nyumba ya Nyokabi, mama mkwe wangu alikuwa amesimama na fimbo yake kama askari wa zamu. Nyokabi ameketi kwenye kigoda. Kamau yuko ziwa moja, na Wambui wangu yuko ziwa la pili. Ameshika nguo ya Nyokabi kwa vidole vyote. Nilisikia anavyomeza.

Mama mwema angepiga magoti ashukuru. Mimi nilimvamia. Nilimchomoa mtoto kifuani, akapiga yowe, maziwa yakadondoka vumbini. Nikasema, "Heri afe akiwa wangu!" Maneno hayo yalitoka kinywani humu humu ninamowaimbia Jumapili. Nyokabi alijifunika kifua, basi. Mama mkwe ndiye aliyenishika sikio, mimi mtu mzima, kama mtoto aliyeiba sukari. "Unaniua mimi," akasema. "Kesho tunakwenda Thika hospitali, na ukikataa nitakuburuta."

Siku hiyo Wambui alilambishwa maji ya uji kwa kijiko, nami nikakataa asirudishwe kwa Nyokabi. Nilikataa, ndugu zangu! Mtoto anakwisha, na mimi nalinda jina langu.

Asubuhi tuliomba ruhusa langoni, tukapewa karatasi, lori la kahawa likatubeba mpaka Thika. Hospitalini tulimkuta dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Mkamba, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Alimpima mtoto. Akanivuta kope za macho, akatazama ulimi wangu, akanibonyeza mguu. Kisha akauliza, "Umekula nini leo, mama?"

"Nimefunga."

"Jana?"

"Nilifunga."

Mama mkwe akadakia, "Huyu amefunga tangu mwanangu achukuliwe!"

Dresa alivua miwani akanitazama. Nikamwambia nataka dawa ya chupa. Mnajua wakati ule, ukienda hospitali ukarudi bila chupa ni kama hukwenda. Akasema, "Ya ugonjwa huu sina. Mtu akipatwa na taabu tumbo hufunga na usingizi hukimbia. Hiyo si dhambi, ndivyo mwili ulivyo. Lakini usipousimamia wewe, mama, nani atausimamia? Serikali? Kula kidogo kidogo mara nyingi, hata koo likikataa. Uji, maharagwe, mboga, yai ukilipata. Kunywa maji yaliyochemka, acha kuishi kwa turungi. Ukipewa nafasi ya kupumzika, lala. Usingizi usipokuja, fumba macho tu. Oga. Na usikae siku nzima na watu wa habari mbaya."

Ndugu zangu, nilikasirika! Mtu huyu hajawahi kukanyaga kijijini kwetu, na sasa alikuwa ananisomea maisha ya Nyokabi, jambo kwa jambo, kama vile alikuwa akichungulia kwa ukuta. Nikamuuliza kwa kiburi, "Na mume wangu aliye na njaa huko aliko?"

Akasema, "Njaa yako inamshibisha?"

Akamfunika Wambui vizuri akanirudishia. "Huyu anyonyeshwe na mtu yeyote mwenye maziwa. Si kesho. Leo."

Neno hilo "leo" ndilo lililonivunja. Ndani ya lori la kurudi, katikati ya magunia matupu, nilimpakata mtoto nikaona hana uzito kabisa. Nikamwambia Bwana: Nimekwisha. Mimi si mfungaji, mimi ni mwenye wivu. Nimemlilia Ndirangu kama maiti, naye yu hai, na huyu aliye hai mikononi mwangu ndiye ninayemzika. Niokoe! Sikuona mwanga. Sikusikia sauti. Lakini nilijua ni mlango gani niende nikabishe, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuukwepa.

Sisi tuliookoka tuna desturi yetu. Dhambi uliyomtendea mtu huipeleki kwa Mungu peke yake kisirisiri. Unaipeleka kwa mwenyewe, mchana, unaitaja jina. Nilitoka langoni moja kwa moja mpaka kwa Nyokabi. Alikuwa anapepeta maharagwe. Nikasimama mbele yake na mtoto mkononi, nikasema:

"Mama Kamau, nimekuonea wivu. Uji wako, usingizi wako, maziwa yako, hata visigino vyako. Na lile neno la homgadi ni mimi niliyelitoa. Nililivalisha nguo ya maombi. Ni uongo mtupu, na Jumapili nitasema hivyo mbele ya wote."

Nilitegemea atalia, anishike, tuimbe. Hakulia. Uso ulimkaza, mkono ukabaki ndani ya uteo, nikaona ana hasira ya kweli, na ana haki nayo. Akasema, "Kumbe ni wewe." Akasukuma uteo kando. "Nipe mtoto kwanza. Hasira yangu inaweza kungoja, yeye hawezi."

Akamnyonyesha. Nami nikaketi pale pale nikatazama, na kutazama ndio ulikuwa msalaba wangu. Wambui alimng'ang'ania kama aliyezaliwa naye. Wivu ulinipanda mpaka kwenye meno. Nilitaka kusimama. Nikashika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili, nikabaki nimeketi.

Nyokabi akanisogezea kibuyu kwa mguu. "Kunywa."

"Koo limefunga, Mama Kamau."

Ndipo aliponipasulia. "Na langu je? Unafikiri mimi nasikia njaa? Unafikiri ninalala mle chini ya leso? Ninalia mle, nikimaliza nafumba macho kwa sababu mgongo unadai. Uji naumeza kama kwinini. Baba Kamau atarudi siku moja, na anikute mimi, asikute kaburi. Hii ni kazi, Mama Wambui! Ninakula kama ninavyochimba mtaro. Wewe uliona shibe, hukuona kazi. Kunywa!"

Nikanywa. Funda la kwanza lilirudi. La pili likarudi nusu. La tatu likashuka. Nilipofika nusu ya kibuyu nilitapika kidogo, naye akanijazia tena bila huruma. Wacheni watu waseme juu ya miujiza yao, mimi wokovu wangu ulikuwa na ladha ya uji wa mtama uliochacha kidogo!

Jumapili nilisimama nikasema yote mbele ya wanawake wale wale. Wengine walinikasirikia, kwa kuwa niliwaharibia habari tamu. Yule aliyetema mate alikwenda akamwomba Nyokabi msamaha. Kuna mwingine hajaomba mpaka leo, naye yumo humu, Bwana anamwona. Nyokabi mwenyewe hakunisamehe kwa siku moja. Kuna juma zima aliloniambia maneno mawili tu, "Kunywa" na "Nipe mtoto." Nilistahili.

Na mimi nikaanza kuuchunga mwili huu kama mbuzi niliyeachiwa na mwenyewe. Uji kabla ya filimbi, nikitaka nisitake. Mchana viazi vitamu na maharagwe. Mboga za managu zilikuwa zimeota zenyewe kwenye udongo tuliotupa kando ya mtaro, tukawa tunazichuma wakati wa kurudi. Watu wa habari mbaya niliwaachia mahali pao, nikahamia mwisho wa mtaro kwa Nyokabi, nikajifunika leso yangu kando ya leso yake. Siku za kwanza nililala macho wazi chini ya kitambaa. Nikaoga. Maji yalipogusa shingo nililia, sikujua nilikuwa nimeukosa mwili wangu hivyo. Wanawake wakasema, "Sasa Mama Wambui naye amemsahau mumewe." Sifa ziliisha siku hiyo, ndugu zangu, na damu ikaanza kurudi.

Haikuwa haraka. Wambui alinyonya kwa Nyokabi wiki baada ya wiki, na kila mara nilimweka kwanza kwangu, ajaribu. Siku moja alivuta, akaacha, akanitazama, akavuta tena kwa nguvu. Nikaona tone jeupe kwenye kona ya mdomo wake. Langu! Nilipiga kelele mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi, akachungulia, akaanza kucheza pale pale: "Mimi nimeshiba! Mimi nimeshiba!"

Sasa ningeweza kukomea hapo, mkaitikia, nikaketi. Lakini nilisema nasimama juu ya wivu, na wivu haukuishia hapo.

Jumanne iliyopita lori lilisimama langoni. Baba Kamau alishuka. Yule pale, ameketi upande wa wanaume, koti limemzidi. Karibu nyumbani, Baba Kamau. Ndirangu wangu hakushuka. Nilingoja mpaka lango la lori likafungwa. Wambui, ambaye sasa ana miaka mitatu na ushee, alinivuta nguo akauliza, "Baba ni yule?" Nikamwambia, hapana, huyo ni wa Kamau.

Nyokabi hakupiga kelele. Alikwenda akampokea mzigo, basi, kama desturi. Lakini niliona vidole vyao vikikutana kwenye kamba ya mzigo, na havikuachana upesi. Ndugu zangu! Wivu niliodhani umezikwa ulisimama kwa miguu yote minne. Mwanamke huyu alimnyonyesha mtoto wangu, na mimi pale langoni nilimwonea wivu. Kwa nini yeye? Lori lilikuwa moja! Waliondoka siku moja!

Jumatano asubuhi koo lilifunga. Nililijua, ni lile lile. Na safari hii hakukuwa na mtu wa kunilazimisha. Nyokabi alikuwa na mume wake nyumbani, kama ipasavyo. Mama mkwe alikuwa amekwenda shambani. Nilikuwa peke yangu na sufuria. Sauti ikaniambia: Acha leo. Siku moja tu. Ndirangu huenda amekufa, na wewe unakoroga uji?

Nikakoroga. Nikamimina kwenye kikombe, nikaketi chini, nikanywa. Machozi yanaingia kwenye uji, nakunywa na machozi. Wambui akaja akasimama mbele yangu. "Mami, unalia au unakula?"

Nikamwambia, "Vyote viwili."

Halafu niliosha kikombe, nikaosha uso, nikaenda kwa Nyokabi mchana mweupe nikamwambia, "Mama Kamau, nimekuonea wivu tena. Ni juu ya mume." Akaniangalia, akasema, "Nilijua. Hata mimi ningekuonea." Na akanishika mkono mbele ya mume wake.

Namshukuru Bwana aliyeniokoa na mwili wangu wote, asiliache hata tumbo nje ya mlango. Namshukuru mama mkwe wangu na mkono wake mgumu. Namshukuru yule dresa wa Thika aliyeninyima chupa. Na nyinyi mlioketi hapa mkingoja mtu ambaye hajarudi, au mna taabu nyingine ambayo siijui, mwamini Bwana leo, na umwamini mpaka kwenye sahani. Usingoje moyo upoe ndipo ule. Kula kwanza, lala ukiweza, moyo utakukuta njiani. Na kama unamwonea mtu wivu na yumo humu, usitoke kabla hujamshika mkono.

Sijui Ndirangu wangu yuko wapi asubuhi ya leo. Sijui kama ana kofia, sijui kama ana chakula. Naomba, na naogopa, na nangoja. Lakini kama kuna upepo unaobeba neno kutoka hapa mpaka huko, ubebe hili moja: Baba Wambui, mkeo yu hai, na leo asubuhi amekula. Bwana asifiwe!